Miche Mifupi ya Trei Namba Nne

Alhamisi. Mvua imekatika, jua limewaka ghafla, na Ifakara yote inatoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa.

Samahani, shajara. Mara ya mwisho kuandika hapa Beata alikuwa hajaweza kukaa. Sasa anatambaa mpaka mlangoni, anakula mchanga, na ana meno mawili ambayo anayajaribia kwangu. Kila nikisema leo naandika, simu inanidondokea usoni kabla sijamaliza sentensi ya pili. Kwa ninyi wachache mnaopita humu kusoma: sikuumwa, sikuhama. Nilichoka tu.

Hata leo siandiki kwa sababu nimepata nafasi. Naandika kwa sababu nimefanya kosa kazini, na naogopa kwamba nikiliacha kichwani litaanza kupungua lenyewe, siku baada ya siku, mpaka niamini halikuwa kosa.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Tangu Beata ana miezi mitatu mimi ni kibarua kwenye kituo kimoja cha utafiti wa mpunga hapa bondeni. Jina lake naliacha. Kuna banda limezungushiwa wavu mwembamba ambao hata mbu hapiti, lina milango miwili, na lazima ufunge wa nyuma ndipo ufungue wa mbele. Viatu vyako unaviacha, unavaa vya humo. Khanga unaiacha, unavaa koti. Ukitoka unajikung'uta kama kuku aliyelowa. Hakuna kinachotoka humo ndani, si punje, si jani, wala tope la kwenye kucha. Takataka zote zinaingia kwenye gunia, gunia linakaa kwenye kichumba cha katikati ya milango, na kila Ijumaa linachomwa shimoni mbele ya watu wawili wanaotia sahihi.

Ni kwa sababu mpunga wa humo umeguswa vinasaba.

Mtaalamu wetu anaitwa Hadija. Tunalingana umri, ila namwita dada kwa sababu ya kazi yake. Anavaa hijabu na mabuti ya mpira na anaongea taratibu kama mtu anayepima chumvi. Siku ya kwanza aliniuliza kama nilishaona mpunga umelala. Nikacheka. Nani hapa hajaona? Mpunga wetu wa harufu ni mrefu, ukishajaza masuke kichwa kinauzidi, upepo mmoja wa jioni unatosha. Mwaka jana shamba letu la upande wa Kivukoni lililala lote juu ya maji. Tulivuna tumeinama wiki nzima, tukikata masuke ambayo punje zake zilishaanza kuota zikiwa bado kwenye bua. Wali wake ulinuka uvundo. Kuku walikula, sisi tukaangalia.

Basi akanieleza. Ndani ya mmea kuna homoni. Ni kitu kidogo sana ambacho mmea unajitengenezea wenyewe, na mojawapo kazi yake ni kuuambia mmea: refuka. Wao wamekwenda kwenye kinasaba kinachosaidia kuitengeneza hiyo homoni, wamekipunguza nguvu. Hawajaizima kabisa, maana mche usingekuwa mche. Wameipunguza, kama unavyoshusha utambi wa koroboi. Wanatarajia chakula ambacho mpunga ungekimaliza kurefusha bua, ukitumie kutoa machipukizi na kujaza punje. Bua likiwa fupi na nene, upepo upite na mpunga ubaki wima. Harufu ibaki ileile, ladha ileile.

"Na mna hakika?" nilimuuliza.

"Tungekuwa na hakika, tusingekuajiri wewe na rula yako."

Nikamuuliza homoni ni kama dawa ya kupuliza? Akanitazama kifuani, akacheka. Nje getini Beata alikuwa analia mikononi mwa bibi yake, na blauzi yangu ilikuwa imeshalowa mabaka mawili. "Hiyo hapo ndiyo homoni," akasema. "Nani ameyaamrisha hayo maziwa yatoke? Wewe?"

Si mimi.

Toka siku hiyo sikuhitaji kuelezwa tena. Mimi ni kidato cha nne, nimemaliza bila vyeti vya kujivunia, lakini mwili wangu naujua. Najua kitu kidogo kisichoonekana kinavyoweza kukupeleka kinapotaka.

Mama mkwe wangu yeye hajashawishika. Ndiye anayeniletea Beata getini saa nne na saa saba anyonye, kwa sababu Baba Beata yuko Malinyi anaendesha trekta la watu, anarudi mwisho wa mwezi. Mama hakatai nifanye kazi. Ila kila akinikabidhi mtoto ananinawisha kwanza kwa sabuni na ndimu, mbele ya mlinzi, bila aibu. Nilipomwambia tunatafuta mpunga mfupi aliguna, akamgeukia yule mlinzi: "Mpunga mfupi! Utavunwa na nani, na bata?"

Mlinzi alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nije kwenye Jumatatu.

Humo bandani trei zina namba tu. Hatuambiwi ipi imeguswa na ipi haijaguswa, kwa makusudi, ili rula isipendelee. Nilijua kwamba mojawapo ni watoto wa mmea mmoja uliobadilishwa, na kwamba mmea ule ulizaa punje chache na zote zilishasiwa, hakuna akiba. Hiyo ilisemwa mara nyingi. Ila nilidhani ufupi wenyewe utakuja baadaye, mpunga ukishatoa bua. Sikujua unaonekana mapema, kwenye miche ya wiki tatu.

Jumatatu ilikuwa siku ya kupandikiza. Ndoo zilishapangwa, arobaini kwa kila trei. Trei namba nne ilikuwa na miche hamsini na nne. Dada Hadija alikuwa anaondoka na gari la asubuhi kwenda maabara Morogoro, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, akatuambia mimi na mwenzangu Mama Kulwa: "Chukueni kama inavyokuja mkononi. Msichague. Ikishatimia arobaini, inayobaki iacheni kwenye trei."

Nilimsikia. Naliandika hili ili nisije siku moja nikajidanganya kwamba sikumsikia.

Nilimsikia, nikaitikia, na moyoni nikasema haya ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuishi kwa kung'oa miche.

Mimi nimekulia Mang'ula, kwenye majaruba yanayonyweshwa na maji ya mlimani. Mama yangu alinifundisha kupandikiza kabla sijajua kuandika jina. Unashika konzi ya miche, unagonga mizizi kwenye unyayo tope lidondoke, unasawazisha ncha, na kidole gumba kinaitoa ile mifupi, kinaitupa nyuma ya bega. Kidole hakikuulizi. Kwetu mwanamke anayepandikiza miche iliyodumaa anasemwa msimu mzima. Watu wanapita kwenye jaruba lake wanaulizana, huyu alikuwa na haraka ya kwenda wapi?

Kwa hiyo niliposikia tusichague, nilielewa tusichague kati ya mizuri. Mibaya kwangu haikuwa hata kwenye hesabu. Na kwa nini niache takataka kwenye trei? Nikazoa, nikatia kwenye gunia.

Sitasingizia usingizi. Kweli Beata aliamka mara nne kuamkia siku hiyo, meno. Lakini kazi ile niliifanya macho makavu, mgongo umenyooka. Niliifanya vizuri sana. Ndipo panaponiuma.

Mama Kulwa alikuwa anajaza tope kwenye ndoo. Ni Msukuma, walihamia huku na ng'ombe wa shemeji yake, na ulimi wake haukai kabatini. "Mikono yako wewe kama cherehani," aliniambia. Baadaye kidogo akaokota mche mmoja niliokuwa nimeutupa, akaugeuza juani. "Hii mifupi mbona imekolea kijani hivi? Kama kisamvu."

"Imedumaa," nikamwambia. "Tia kwenye gunia."

Akatia.

Mche uliodumaa unakuwa wa njano, shajara. Majani yake yanapauka, ncha zinakauka. Najua hivyo tangu nikiwa na miaka sita. Ile ilikuwa mifupi na kijani kibichi kabisa, mizizi myeupe, imesimama. Macho yaliona. Mwenzangu aliona akasema kwa sauti. Na mimi nikajibu kwa mazoea.

Jana saa tano Dada Hadija akapiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha, jambo la nadra. "Mama Beata, hujambo? Mtoto? Haya, leo nataka unihesabie kitu kimoja tu. Trei namba nne, kwenye zile ndoo arobaini, mifupi iko mingapi? Ile yenye kijani kilichokolea. Natarajia kama kumi hivi, maana si kila mche unaurithi ufupi. Ndiyo hiyo tuliyoitafuta misimu miwili."

Niligeuka nikatazama zile ndoo. Miche yake imesimama kama wanafunzi wa paredi, yote kimo kimoja.

"Dada, mtandao unakatika," nikasema. "Nitakutumia hesabu kesho."

Mtandao haukuwa unakatika.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mama Kulwa akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamweleza. Hakustuka. Alikunja mikono ya koti lake, akatazama mlangoni, akaniambia polepole: "Sasa si umeambiwa uhesabu mifupi? Hesabu. Ipo?"

"Haipo."

"Basi andika sifuri. Umedanganya nini hapo?"

"Mama Kulwa."

"Nini? Mwenzangu una mume anaendesha trekta. Mimi nina jembe na mapacha. Wakisema hawa wanawake hawafai, hawatasema Mama Beata peke yake. Andika sifuri, kalamu iwe ya bluu, mambo yaishe."

Daftari la hesabu ni langu. Naandika kwa mkono wangu kila wiki, urefu, idadi ya machipukizi, mimea iliyokufa. Ni kazi ya kwanza maishani ambayo mtu anasoma nilichoandika halafu anafanya uamuzi. Nilifungua ukurasa wa trei namba nne, nikaweka kalamu kwenye mstari wa mifupi.

Ile sifuri ingekuwa hesabu sahihi. Na ingekuwa uongo mkubwa kuliko wowote niliowahi kuusema.

Maana najua ingekwenda wapi. Dada Hadija angeiweka kwenye taarifa yake: mpunga haukufupika. Wakubwa zake wangesema njia hii haifai, funga. Misimu miwili ya kazi ya watu ingeishia kwenye gunia, na hakuna ambaye angejua kwamba ilifaa. Au kwamba haikufaa. Hakuna ambaye angejua chochote.

Nilifunga daftari bila kuandika. Nikaenda nyumbani.

Jioni tulikuwa tunapara perege uani, mama mkwe na mimi, Beata amekaa kwenye beseni anajipiga maji usoni. Nikamwambia mama nilichofanya, nikitegemea sijui nini. Pengine anigombeze, nipumue.

"Ulifanya vizuri," akasema.

"Mama, ile ndiyo waliyokuwa wanaitaka."

"Wanaitaka kwa sababu hawajaona maji." Akageuza samaki upande wa pili. "Mwaka ule Baba Beata alipokuwa mdogo kama huyu, maji yalitufika kiunoni kule Kivukoni. Tulikuwa tunapita shambani kwa mtumbwi. Mpunga uliobaki kichwa nje ni mrefu. Mfupi ulikufa ukiwa umesimama vizuri. Mwambie huyo dada yako."

Mwaka jana mrefu ulilala tukalia. Mwaka ule mfupi ulizama wakalia. Yote mawili yalitokea kwenye shamba moja, nani aseme ni uongo? Nilikaa na magamba mikononi nikawaza, labda kidole changu kimewaokoa watu na kitu kisichofaa bonde hili. Wazo hilo lilikuwa tamu sana. Lilikuja likiwa limeshapikwa, la kula tu.

Ndiyo maana sikuliamini.

Kama mpunga mfupi utazama, na upimwe ukiwa ndani ya maji, uonekane umezama, iandikwe. Mama mkwe aseme, nilisema mimi. Hiyo ni haki yake. Lakini haiwezekani swali la bonde zima likajibiwa na mtu mmoja aliyekuwa anatupa takataka nyuma ya bega.

Nilimnyonyesha Beata, akaning'ata, nikamfinya pua kidogo aachie kama wanavyofundisha kliniki, nikamwambia hapana, mama hang'atwi. Akanitazama kwa mshangao mkubwa, kisha akaendelea kunyonya kwa adabu. Hivi ndivyo ninavyomlea. Sipigi, lakini hapana yangu ni hapana. Nikajiuliza, na nafsi yangu mwenyewe naiambiaje hapana?

Leo nimefika kabla mlinzi wa mchana hajampokea mwenzake. Nimevaa koti, nimeingia kichumba cha katikati, nimelimwaga gunia lote kwenye beseni kubwa la kuoshea trei. Nasema ukweli: sikumpigia simu kwanza. Nilitaka kujua kama nina cha kumpa pamoja na lile kosa. Sijui kama huo ni ujasiri au woga uliooga ukavaa nguo safi.

Joto la gunia lilinipiga usoni. Majani makavu, mizizi, tope lililogandamana, magugu, na miche ya trei zote nne, maana kidole changu hakikubagua. Lakini mvua ya siku mbili ilikuwa imeweka unyevunyevu, na tope la mizizi lilikuwa halijakauka. Mche wa mpunga ni mkaidi. Watu wanasafirisha miche kutoka Kiberege mpaka huku kwa baiskeli, kesho yake wanapandikiza na inashika.

Nilitenga mmoja mmoja. Ya njano upande huu, ya kijani upande ule. Iliyotoka trei tatu nyingine ilikuwa imedumaa kweli, ilishapauka, imelala kama nyuzi. Mifupi ya kijani niliipata kumi na moja. Miwili ilikuwa imeoza shingoni. Tisa ilikuwa na mizizi myeupe.

Tisa.

Nilikuwa nimepiga magoti na machozi yananitoka, na kifua nacho kikalowa, utadhani Beata amelia. Mwili haujui tofauti.

Mama Kulwa aliingia akanikuta hivyo. Alisimama mlangoni. Hakusema Mama Beata, alisema jina langu la ubatizo, ambalo hakuna mtu ananiita tangu nijifungue. "Editha. Umeamua."

"Nimeamua. Nitasema ni mimi peke yangu. Ni kweli pia."

Alitoka.

Nikampigia Dada Hadija. Nilimwamkia, nikamwambia yote kwa mfululizo, bila kupumzika, kama mtu anayekunywa dawa chungu: kwamba alisema tusichague nikachagua, kwamba iliyobaki hatukuiacha kwenye trei, kwamba mtandao jana haukukatika, kwamba Mama Kulwa aliuliza kuhusu kijani nikamnyamazisha.

Nikatazama kioo cha simu kama bado yupo.

"Gunia lilishachomwa?"

"Bado, dada. Ni kesho. Nimelimwaga. Nimepata tisa hai."

"Iko wapi sasa hivi? Sasa hivi unavyoongea?"

"Kwenye beseni, mizizi ndani ya tope na maji, kivulini. Sijaitoa nje ya banda."

Nikamsikia anakaa. Kiti kililia. "Mama Beata, nimekasirika. Nataka ujue hivyo. Nitakasirika vizuri nikifika huko, sasa hivi sina nafasi." Akavuta pumzi. "Una hakika ni ya trei namba nne?"

"Naijua kwa macho, dada. Ile mingine ni ya njano."

"Macho yako ndiyo yametufikisha hapa."

Ilinistahili.

"Safari hii tunapima," akasema. "Kila mche tunakata kipande cha jani, kinakuja maabara, tunasoma vinasaba vyake. Ikiwa ni yenyewe, tunayo tisa. Mbegu ya tisa inatosha kuendelea. Ikifa kabla haijashika, hatuna kitu, tunaanza tulikoanzia misimu miwili nyuma, na sijui kama tutaruhusiwa kuanza. Umenielewa? Kila kitu kiko kwenye hilo beseni."

"Nimeelewa."

"Na mkuu wa kituo lazima ajue. Leo. Mimi sitaficha."

"Sijakuomba unifiche, dada."

Kidogo akalegea, nilisikia. "Kama ungeandika sifuri nisingejua kabisa," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kujitayarisha nisihuzunike." Halafu akarudi kwenye sauti yake ya kupima chumvi, akaniambia gari linatoka Morogoro kesho alfajiri, nimwandikie kila kinachohitajika ili miche ile ishike na isichanganyike tena, nisibabaishe, niandike hasa.

Mkuu wa kituo ameniita saa nane. Hakupiga kelele. Ameniambia wataniambia Jumatatu kama naendelea au siendelei, na kwamba hadi hapo nisiguse trei nyingine, nitunze hiyo tisa tu kwa sababu hakuna mwingine anayejua ni ipi. Nilisema ndiyo mzee. Sikujitetea. Nilirudi bandani nikakuta ndoo mbili za tope pembeni ya beseni. Limechekechwa laini, halina hata kijiwe. Mama Kulwa alikuwa mwisho kabisa wa banda, amenipa mgongo, anaosha trei ambazo zilishaoshwa jana. Jumatatu wataamua na habari yake.

Saa moja jioni sasa. Beata amelala kifuani, naandika kwa kidole kimoja. Mmoja kati ya ile tisa umeanza kukunja majani tangu saa tisa, nimeuwekea kivuli cha karatasi. Ile minane imesimama. Naiandika orodha hapa kwanza niisome kwa utulivu, ndipo niinakili kwenye meseji ya Dada Hadija. Tope tunalo, maji tunayo, beseni lipo. Bado nahitaji kutumiwa hivi:

Ndoo tisa za lita kumi, ambazo hazijatobolewa chini. Zisiwe nane.

Vibao vya plastiki vya kuandikia namba, ishirini, na kalamu mbili zisizofutika kwa maji. Ya hapa imekauka, nilikuwa naitemea mate.

Bahasha ndogo za karatasi za kuwekea vipande vya majani, pamoja na zile chembe za kukaushia. Mkasi mdogo mpya, na spiriti ya kuufuta kila nikitoka mche mmoja kwenda mwingine.

Kitambaa cha kivuli, mita tatu. Jua la saa saba linaingia upande wa reli na lile beseni haliwezi kusogezwa.

Kufuli yenye funguo mbili kwa ajili ya kile kichumba cha gunia. Moja ikae kwa mlinzi.

Fomu ya kuripoti kosa. Dada Hadija amesema ataijaza yeye. Naomba iletwe ikiwa tupu, nitaijaza kwa mkono wangu.

Na kama wameamua nisiendelee, basi mtu wa kushika nafasi yangu. Aje na gari hilohilo la asubuhi, asisubiri Jumatatu, ili nimwonyeshe mwenyewe, mche mmoja mmoja, ni ipi ile mifupi.